Echo si kasuku: neno juu ya nimfa wa Wagriki na urithi wake

Watu wakitaka kumdharau mtu asiye na mawazo yake mwenyewe, wanasema: huyu ni mwangwi tu. Maana yao ni wazi: anarudisha yaliyosemwa na wengine, hana lake. Katika lugha yetu neno hilo halina mtu ndani yake. Mwangwi ni sauti inayogonga mlima ao ukuta na kurudi, basi. Lakini kwa Wagriki wa zamani, na kwa Waroma waliowafuata, mwangwi ulikuwa na jina la mwanamke, na mwanamke huyo alikuwa na habari yake. Jina lake ni Echo. Hata leo Kifaransa na lugha nyingine za Ulaya zinautaja mwangwi kwa jina lake. Sisi tunataka kuonyesha ya kuwa wanaomfanya Echo kuwa mfano wa kasuku hawakumsoma vizuri. Tena kosa hilo lina hasara, zaidi kwa watu ambao kazi yao ni kutangaza neno lisilo lao, ndio mapadri na wakatekista.

Pengine msomaji atauliza: hadithi za miungu ya wapagani zina faida gani kwetu? Swali hilo ni la zamani, na jibu lake pia. Katika karne ya 4 Mtakatifu Basilius, askofu wa Kaisaria ya Kapadokia, aliwaandikia vijana juu ya namna ya kusoma vitabu vya Wagriki. Aliwapa mfano wa nyuki: hawaendi kwenye maua yote, wala hawajaribu kulibeba ua zima, wanachukua linalofaa kwa kazi yao, mengine wanayaacha. Nasi tufanye hivyo. Hatutamtetea Jupiter wala Juno. Tutatazama kazi ya mtungaji, na ukweli alioukuta juu ya maneno ya wanadamu.

Nimfa walikuwa mabinti walio chini ya miungu wakubwa, wenye kukaa katika chemchemi, mito, miti na milima. Echo alikuwa wa milimani na mapangoni. Habari yake inayojulikana zaidi imo katika kitabu cha tatu cha Metamorphoses, shairi refu la Ovidius, Mroma aliyezaliwa mwaka 43 mbele ya Kristu. Alikuwa karibu kulimaliza mwaka wa 8 baada ya Kristu, wakati Kaisari Augustus alipomfukuza kwenda Tomis, kando ya Bahari Nyeusi. Katika maandishi yaliyobaki, yeye ndiye wa kwanza tunayemwona akiunganisha habari ya Echo na ile ya Narcissus, kijana aliyependa sura yake mwenyewe ndani ya maji.

Habari yenyewe ni hii. Jupiter alikuwa akienda kwa nimfa kwa siri, na mke wake Juno alikuwa akimtafuta ili amkamate. Echo alikuwa fundi wa maneno. Kila mara alimsimamisha Juno njiani kwa mazungumzo marefu, hata nimfa wenzake wakapata nafasi ya kukimbia. Juno alipofahamu hila hiyo, aliuadhibu ulimi uliomdanganya. Tangu siku ile Echo hakuweza tena kuanza kusema, wala hakuweza kunyamaza mtu mwingine akisema. Alibaki na uwezo mmoja tu, kurudisha maneno ya mwisho aliyoyasikia.

Ndipo akamwona Narcissus akiwinda, akampenda, akamfuata kwa siri. Alitamani kumwita, lakini hakuweza kuanza, ilimpasa kungoja. Kijana akapotewa na wenzake porini, akauliza kwa sauti kama kuna mtu karibu. Echo akarudisha neno la mwisho, na neno lile lile lililokuwa swali likawa jibu: yupo. Kijana akamwalika aje. Naye akamwalika aliyemwalika. Akauliza juu ya nini anamkimbia. Akapokea swali lake mwenyewe. Mwisho akasema wakutane pahali pale. Echo akarudisha neno hilo kwa furaha kuliko yote, akatoka kwenye miti akitaka kumkumbatia. Narcissus akakimbia, akilia ya kuwa afadhali kufa kuliko kumwachia huyo uwezo juu yake.

Tusimame hapa kidogo, maana hapa ndipo ufundi wa Ovidius unapoonekana, na wanaosoma Kilatini wataufurahia. Katika jibu la Narcissus kuna neno dogo la kuunganisha, lenye maana ya «kuliko». Kwa sababu ya neno hilo, yanayofuata ni kukataa: afe kuliko kumpa uwezo. Echo anarudisha yanayofuata tu. Neno dogo limeanguka. Kitenzi ni kile kile, na umbo lake la subjunktivu ni lile lile, lakini sasa ni kitenzi cha kutoa: upewe uwezo juu yangu. Hakuongeza hata silabi moja. Kijana amesema maneno ya kiburi. Yakipita kinywani mwa Echo yamekuwa maneno ya mtu anayejitoa mzima. Kasuku hawezi kufanya hivyo. Kasuku anarudisha sauti. Echo anarudisha maneno, na ndani yake ameweka moyo wake.

Tena Ovidius hatufichi jambo hilo. Anasema wazi ya kuwa nimfa alikuwa tayari, akingoja sauti ambazo angeweza kuzirudisha kuwa maneno yake. Huko kungoja ni kazi. Anayengoja namna hii anasikiliza kuliko yule anayesema, maana ni lazima ajue ni katika neno gani la mwenzake lake litapata njia.

Sasa tulinganishe mwanzo na mwisho. Wakubwa wetu husema ulimi hauna mfupa, yaani unageuka upande wowote. Wakati Echo alipokuwa na maneno yake mwenyewe, mengi na mazuri, aliyatumia kwa kuficha mambo: alimsimamisha Juno ili asione. Aliponyimwa maneno yake, akabaki na mabaki ya maneno ya wengine, ndipo alipoanza kusema kweli. Katika shairi lote hatukuti ya kuwa alimdanganya Narcissus hata mara moja. Kwa maoni yetu, hilo ndilo shina la habari hii, na wasomaji wengi wanalipita bila kuliona. Wanahesabu maneno aliyonyang'anywa. Hawatazami aliyoyafanya kwa yale aliyoachiwa.

Kuna jambo la pili. Waroma, wakitaka kusema mwangwi, walitumia mara nyingi neno imago, ndilo neno lile lile la sura ao picha. Ovidius anasema ya kuwa Narcissus, aliposikia anajibiwa, alidanganywa na picha ya sauti. Baadaye, kando ya chemchemi, anadanganywa na picha ya uso. Kwa hiyo kijana amekutana na vioo viwili. Katika kioo cha maji hakuna mtu, lakini yeye anadhani yuko mtu. Katika kioo cha sauti yuko mtu kweli, anayempenda, naye anamkataa. Huo ndio ugonjwa wa Narcissus: si kwamba anajiona mzuri tu, bali hawezi kupambanua wapi kuna mwingine na wapi ni yeye mwenyewe amerudi. Mtu akiliondoa jambo la Echo katika habari hii, anaondoa nusu ya hukumu.

Na mwisho wake? Echo anajificha msituni kwa aibu, anaficha uso kwa majani, anakonda kwa huzuni. Vinabaki mifupa na sauti. Kisha mifupa inakuwa mawe, na sauti peke yake inabaki hai. Lakini Narcissus anapokufa kando ya maji, Echo yuko pale. Ovidius anasema bado alikuwa na hasira na kukumbuka, lakini alisikitika. Kijana akipiga kelele ya uchungu, anairudisha. Akijipiga mabega, anarudisha mshindo. Narcissus anaiaga sura yake ndani ya maji. Sura haina sauti ya kujibu. Anayemwaga ni yule aliyemkataa, kwa neno lile lile. Tunaona hapo wema ambao miungu wa shairi hili hawana.

Lakini tusimsifu mtungaji kupita kiasi. Katika kesi ya Juno mkosaji mkubwa ni Jupiter, naye haadhibiwi. Msichana ndiye anayelipa. Ovidius anaona jambo hilo, kama anavyoliona mara nyingi katika kitabu chake, lakini analipita kwa kucheka kidogo na kwenda mbele. Tena upendo wa Echo si upendo mtakatifu; ni tamaa ya kijana wa miaka kumi na sita aliyeonekana porini mara moja. Tusimgeuze kuwa mtakatifu wa kalenda. Yatosha kumpa haki yake.

Ovidius si yeye wa kwanza wala wa mwisho kumsimulia. Mwaka 412 mbele ya Kristu, Euripides alimtia Echo katika mchezo wake Andromeda, akijibu kutoka pangoni kilio cha binti aliyefungwa kwenye mwamba. Mwaka uliofuata Aristophanes akamchekesha: katika mchezo wake Thesmophoriazusae, Echo anarudisha kila neno hata mfungwa mwenyewe anachoka na kumwomba anyamaze. Ndiyo kusema mzaha wa kumfanya kasuku ni wa kale kuliko Ovidius, na Ovidius alimtoa katika mzaha huo.

Longus, Mgriki wa karne ya 2 ao ya 3, ana habari nyingine kabisa katika kitabu chake juu ya Daphnis na Chloe. Kwake Echo ni binti aliyefundishwa muziki na Musa wenyewe, naye hataki mume. Pan, mungu wa wachungaji, anauonea wivu muziki wake na kukasirika kwa kukataliwa. Anawatia wachungaji wazimu, wanampasua kama mbwa mwitu, wanatupa viungo vyake pande zote, navyo bado vinaimba. Dunia inavizika, na tangu hapo inarudisha kila sauti, hata filimbi ya Pan mwenyewe, naye anakimbia milimani akitafuta ni nani anayemwiga. Habari hii ni ya kutisha, lakini inakubaliana na ile ya Ovidius katika jambo moja: mwenye nguvu alitaka kuizima sauti, akashindwa.

Tukija sasa kwa urithi wake katika Ulaya, tuna kipimo chetu. Kazi njema juu ya Echo ni ile inayoshika mambo mawili pamoja: kifungo chake na uhuru alioupata ndani ya kifungo.

Kwa wachoraji jambo hilo ni gumu, maana sauti haichoreki. Nicolas Poussin, karibu na mwaka 1630, alichora picha iliyoko sasa Louvre, Paris. Narcissus amelala mbele, amekufa. Nyuma, Echo ameegemea mwamba, na rangi ya mwili wake imeanza kufanana na jiwe. Poussin alifahamu ya kuwa njia moja ya kumchora ni kumwonyesha akitoweka. J. W. Waterhouse, Mwingereza, alimchora mwaka 1903 katika picha iliyoko Walker Art Gallery, Liverpool. Hapo Echo ni msichana mzuri mwenye afya, ameketi ng'ambo ya maji akimtazama kijana asiyemwona. Picha inapendeza, lakini Echo wake ni msichana aliyekataliwa tu; anaweza kuwa msichana yeyote. Tena wako waliomwacha kabisa. Picha ya Narcissus inayohesabiwa kuwa kazi ya Caravaggio, iliyoko Palazzo Barberini, Roma, ina kijana na maji tu, na giza pande zote. Vile vile Sigmund Freud, alipoandika mwaka 1914 juu ya ugonjwa wa kujipenda, alichukua jina la Narcissus. Namna hii dunia imemkumbuka aliyejitazama kuliko aliyejibu.

Erasmus wa Rotterdam alikuwa na sikio zuri zaidi. Katika mojawapo ya Colloquia zake, kijana anamwuliza Echo shauri juu ya masomo na maisha, na Echo anajibu kwa miisho ya maneno yake. Kijana anajisifu ya kuwa ametumia miaka kumi kumsoma Cicero. Neno lake la mwisho la Kilatini ni Cicerone. Echo anarudisha one, na kwa Kigriki maana yake: ee punda! Wanafunzi wa seminari waliolia juu ya Cicero watasamehe kicheko hiki. Erasmus hakumdharau Cicero. Aliwacheka wale waliomwiga bila kuwa na neno la kusema. Anayewaumbua wenye kuiga ni Echo mwenyewe.

Katika muziki, Gluck alitoa opera yake Echo et Narcisse, Paris, mwaka 1779. Humo Echo anaimba maneno yake mwenyewe sawa waimbaji wengine, na mwisho anarudishiwa uhai na furaha. Opera haikufaulu, na sisi hatushangai: ukimfungua Echo tangu mwanzo, hakuna habari tena. Claudio Monteverdi alikuwa amefanya vizuri zaidi mwaka 1610, katika Vespera za Bikira Maria alizozipiga chapa Venezia na kumtolea Papa Paulo V. Katika wimbo Audi coelum mwimbaji anaziomba mbingu zisikilize maneno yake yaliyojaa furaha. Neno lake la mwisho ni gaudio, kwa furaha. Sauti ya pili, kutoka mbali, inarudisha audio, ninasikia. Herufi moja imeanguka, na ombi limepata jibu. Ni ufundi ule ule wa Ovidius, lakini sasa anayejibu si mpenzi aliyekataliwa, ni mbingu.

J. S. Bach alifanya jambo la kufanana katika sehemu ya nne ya Oratorio ya Noeli, iliyoimbwa Leipzig tarehe 1 Januari 1735. Roho inamwuliza Mwokozi kama jina lake linaleta hofu, na mwangwi unajibu hapana. Kama ifurahi, na mwangwi unajibu ndiyo. Muziki ni mzuri sana. Lakini tukisikiliza vizuri, tunaona ya kuwa roho yenyewe inatamka hapana na ndiyo kwanza, kisha mwangwi unarudisha bila kugeuza kitu. Bach na mtungaji wa maneno yake walitaka kuonyesha imani inayothibitishwa, na tunalipokea hilo. Hata hivyo hatari inabaki: mtu anayetia jibu kinywani mwa Mungu kisha anafurahi kulisikia likirudi, hayuko mbali na chemchemi ya Narcissus.

Wataalamu wa viumbe nao wamerithi kitu. Padri Marin Mersenne, wa shirika la Waminimu, katika kitabu chake cha mwaka 1636, alitumia mwangwi kwa kupima mwendo wa sauti. Leo tunajua ya kuwa sauti inapita karibu metre 340 kwa sekunde moja hewani, na ya kuwa ukuta ukiwa karibu kuliko metre 17 hivi, sikio halitengi mwangwi na sauti ya kwanza. Tarehe 12 mwezi wa nane 1960, Waamerika walirusha angani mpira mkubwa wenye upana wa metre 30, wakauita Echo 1. Haukuwa na sauti yake mwenyewe. Ulirudisha duniani mawimbi ya redio yaliyotumwa kwake, na maneno ya Rais Eisenhower yakapita kwa njia hiyo. Tena katika hospitali zetu mama mwenye mimba akienda kufanyiwa ekografia, jina la nimfa liko katika neno hilo. Sauti ndogo tusiyoweza kuisikia inaingia pahali ambapo jicho halifiki, inarudi, na katika kurudi kwake inaonyesha mtoto alivyo. Inarudi imebadilishwa na ilichokikuta. Ndiyo maana ina faida.

Basi tuseme nini kwa ndugu zetu? Padri hakujitungia Injili, wala mkatekista hakujitungia katekisimu. Wote wamepokea maneno yaliyotangulia kusemwa, na pengine vijana wanaona aibu juu ya hilo, wakidhani ya kuwa mtu wa kweli ni yule anayesema lisilosemwa bado. Habari ya Echo inawajibu ya kuwa wingi wa maneno yetu wenyewe si dalili ya ukweli. Hata yeye alikuwa nayo mengi siku zile alipokuwa akidanganya. Lakini inawajibu pia wale wanaokariri bila kusikiliza. Echo alingoja, alisikia, na alijua ni neno gani lililobeba moyo wake.

Kwa hiyo mwalimu anayefundisha kitabu cha tatu cha Metamorphoses asikimbilie chemchemi ya Narcissus. Awaache wanafunzi wakae kwanza pale porini, watazame kila jibu la Echo, neno kwa neno, waone lililoanguka na lililobaki. Na anayetayarisha mahubiri, akiisha kusoma somo la Jumapili, ajiulize kama sauti anayoisikia ikirudi kutoka katika ukurasa ni ya mwingine, ao ni yake mwenyewe. Kama ni yake mwenyewe, afungue kitabu tena na kusoma upya.